Malalamiko Kuhusu Akina Mama Waliokalia Kitanda Changu cha Chai

Ndugu Mwenyekiti Hokimov wa mtaa wetu hapa Vahdat,

Baada ya salamu. Mimi Sangin Davlatov nina miaka themanini na mmoja. Nimeizika serikali iliyosema haitakufa, nimezika vita vya wenyewe kwa wenyewe, matrekta manne, na wenyeviti watano waliokutangulia, wote wenye afya kukushinda. Kwa hiyo nisikilize.

Mwezi uliopita Nesi Gulchehra aliniomba kile kitanda changu kikubwa cha kunywea chai uani, ili kila Jumatano wakae hapo akina mama wa Kiafghani wenye watoto wadogo. Alisema wamepanga vyumba huku mjini, waume zao wanashinda sokoni, nao wanashinda na kuta. Wewe ukatoa ruhusa ya mwezi mmoja. Ijumaa hii unaamua kama waendelee. Naomba uwafukuze. Sababu ni hizi:

1. Hawafukuziki. Siku ya kwanza niliwamiminia chai vikombe vikajaa pomoni. Hata wewe, uliyekosa malezi, unajua kwetu nusu kikombe ni karibu, na kikombe kilichojaa ni kunywa uende zako. Wao wakafurahi. Nilab, mama yake Elyas, akawaambia wenzake: "Tangu tuvuke mto wa mpakani hakuna aliyetujazia kikombe. Mzee huyu hana uchoyo hata kidogo." Jumatano iliyofuata wakaja na wenzao. Nikawajazia mpaka ikamwagika. Sasa kitanda hakitoshi.

2. Mtoto Elyas. Nilab alikaa chumbani msimu mzima wa baridi bila mtu wa kuzungumza naye, mwisho akaacha kusema, na mtoto akafuata mama. Ana umri wa mwaka na nusu, kimya kama jiwe. Jumatano ya tatu kwangu akafungua kinywa, akanishika ndevu, akasema "Bobo", yaani babu. Mimi si babu yake. Sikuulizwa. Baba yake, muuza viatu, alipopata habari akaja akanishika mikono yote miwili huku analia, na mimi nilikuwa nakula.

3. Mkwe wangu Mavluda ameharibika. Tangu mwanangu aende kutafuta kazi Urusi alikuwa mwanamke mtulivu, maneno yake mawili tu: "Chakula tayari." Sasa anacheka jikoni. Juzi kaunguza pilau kwa ajili ya umbea. Nilipomkanya akasema, "Baba, hata mimi nilikuja mgeni nyumba hii na mtoto mgongoni. Nani aliniuliza hali?" Nimejibiwa, Mwenyekiti, nyumbani kwangu.

4. Dawa ninayo. Serikali iukomeshe upweke palepale mpakani. Kila mama mgeni mwenye mtoto, akishagongewa muhuri, akabidhiwe shangazi mmoja, mzima, mwenye meno ya kusengenyea. Akifika mjini apewe na jirani wa kumshikia mtoto akaoge. Mashangazi wakiisha, watolewe wake za wenyeviti. Wakigoma, wenyeviti wenyewe. Lakini mzee kama mimi, niliyewashinda vijana wa wilaya nzima kuvuna pamba, si kazi yangu.

Nisalimie mama watoto, mkweo yule mnene, na yeyote hapo ofisini anayefanya kazi, kama yupo.

Ni mimi nisiyetaka makuu,
Sangin Davlatov

Nyongeza: Macho yangu ni mabovu na shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nimesema na Nilab ameandika. Pale penye "uwafukuze" alisimamisha kalamu, akaniuliza, "Bobo, una hakika?" Nikamwambia andika. Akaandika. Ila, ingawa lugha yetu ni moja, wao wanatumia herufi za Kiarabu na sisi tunatumia za Kirusi, hutaweza kusoma hata salamu. Nesi Gulchehra anayekuletea barua atakuambia kwa mdomo: njoo Jumatano, kabla ya hiyo Ijumaa yako, Nilab akusomee. Ukiona ni haki waondoke, utamwambia wewe, usoni, mtoto akiwa mapajani mwake. Mimi nimejaribu tangu asubuhi nimeshindwa. Na kwamba yote haya yametoka kinywani mwangu, shahidi wangu ni yeye.