Chavua ya Anti Perla

Jumatatu, 3 Machi

Nimehujumiwa! Bwana shamba, Nishioka, amerudi na majibu ya mbegu zangu. Alizitoa wiki iliyopita kwenye mapapai yangu mwenyewe, akazitia dawa inayogeuza buluu kila mbegu yenye kitu cha maabara. Nilimwambia asijisumbue. Mipapai hii baba aliipanda kwa sululu, akivunja mwamba wa volkano shimo baada ya shimo. Watu wanayapangia foleni matunda yake sokoni mjini Hilo kila Jumamosi kwa sababu ni ya asili.

Mbegu tatu zimekuwa buluu. Buluu kabisa!

Nishioka anasema ni chavua ya jirani, imeingia kwenye mipapai majike. Eti nyama ya tunda haijabadilika, mlaji hana la kuogopa, ila nisizipande mbegu hizo. Nani kamuuliza habari za mlaji? Mimi nimemuuliza habari za Anti Perla Agcaoili, ambaye mipapai yake ya maabara imejipanga mpakani kwangu mwanzo hadi mwisho. Akajibu kuwa mipapai ile inanikinga. Haiugui madoa ya pete, na vidukari wanaobeba ugonjwa huo wakiifyonza kwanza, wanafika kwangu wameshajifuta midomo. Wadudu wanajifuta midomo! Na mtu huyu analipwa mshahara.

Alhamisi, 6 Machi

Mkutano ukumbini kuhusu mimea iliyobadilishwa vinasaba maabara, hatari zake na faida zake. Kila mtu dakika tatu. Nimekwenda na mbegu zangu za buluu kwenye chupa ya jemu. Mke wangu, Leimomi, alinisihi nianze na chavua. Nikaanza na baba. Nilipofika kwenye sululu taa nyekundu ikawaka. Chupa hata sijaifungua! Nimeondolewa kwenye kipaza sauti kama mlevi.

Akafuata Anti Perla. Mfupi, hata kipaza sauti kikainamishwa. Akasema mwaka ule madoa ya pete yalipoifagia wilaya yetu ya Puna alifyeka shamba lake lote huku analia, na ni mbegu za maabara zilizomrudisha kwenye kilimo. Halafu akasema chavua inaruka kweli, na mwenye kupanda azungumze na jirani yake. Ukumbi mzima makofi. Hiyo ilikuwa hoja yangu! Kibaya zaidi, na mimi nilipiga makofi. Mikono yangu yenyewe!

Jumamosi, 8 Machi

Jana niliyafunika maua ya mipapai majike kwa mifuko ya karatasi, moja moja, juu ya ngazi. Chavua ipite wapi? Mvua imenyesha usiku kucha. Kwani ni lini hainyeshi huku? Asubuhi mifuko imekuwa uji, na maua mengi yameanguka nayo. Leimomi anauliza kama nimeajiriwa na vidukari.

Jumanne, 11 Machi

Mpango mpya, na huu ni wa akili. Nimekwenda kwa Anti Perla, nimevua ndala mlangoni kwa adabu, nimekula adobo yake, kuku wa siki, sahani mbili. Ndipo nikamwambia mizizi ya mipapai yake ya mpakani inalipasua tangi langu la maji ya mvua. Uso mkavu kabisa. Ningetaja chavua angemwita Nishioka na hadithi zake za midomo.

Akashika kifua. "Masikini, Wendell mwanangu, mbona hukusema mapema? Nyumba bila maji itakuwaje?" Akaniuliza kama nina hakika, maana aliambiwa miti ile ndiyo kinga ya shamba langu. Nikasema maji kwanza.

Jumapili, 16 Machi

Imekatwa! Mstari mzima uko chini. Nimesimama kibarazani na kahawa, naona hadi kwake jikoni. Leimomi hajasherehekea. Amelizunguka tangi, akaligonga, akaja kuniuliza ufa uko wapi. Nimemwambia ndoa inahitaji kuaminiana.

Alhamisi, 17 Aprili

Majani ya upande wa mpakani yamekuwa manjano na kukunjamana. Matunda yana pete, pete, pete. Nishioka amesema ning'oe kila mti ulioambukizwa leo hii, nisipofanya hivyo wote watakwenda. Nimeng'oa mipapai ya baba kwa mikono yangu. Nimelia, sifichi. Nusu ya shamba imelala chini. Hivi kwa nini hakuna aliyenionya?

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemfuata Anti Perla, nimewaka. Nimemwambia ameniacha uchi mbele ya vidukari. Akasema, "We Wendell, si ulikuja hapa kulilia tangi?" Leimomi, ambaye sikumwalika, akasema tangi halina hata mkwaruzo.

Yaani mtu mzima anaamini kila anachoambiwa! Tumekuwa majirani tangu nikiwa sina ndevu. Alipaswa kujua kuwa nadanganya. Anti Perla akasema leo ni Ijumaa Kuu, hagombani na mtu. Nirudi Jumatatu nitukanwe.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimerudi, nimetukanwa. Kwa Kiilokano, lugha ya kwao, kwa hiyo mengi yamenipita, ila kichwa changu kilinyooshewa kidole mara kadhaa. Alipomaliza akanipa kahawa. Akasema nusu iliyobaki bado inaweza kupona, na kwa heshima ya baba yangu ataupanda upya mstari wa mpakani, wiki hii hii, bure.

Nimekubali, ila kwa sharti, na sharti hilo sikulilegeza hata alipoweka kikombe chini. Apande kila shimo, mwanzo hadi mwisho, lakini asiguse mbegu zake za maabara. Nitampa zangu, za asili.

Ameniuliza kama ni mbegu za ile mipapai niliyoing'oa. Nadhani hatimaye amenielewa.