Koma Kwenye Dawa ya Kikohozi

Jumatatu, 3 Machi
Meneja katangaza: Ijumaa atamtaja mkuu wa chumba cha kusahihisha Kiingereza hapa kwenye kiwanda cha uchapaji. Tuko wawili tu. Mimi, miaka kumi na mmoja kazini. Na Shemeji, mdogo wa mke wangu, miaka miwili. Kazi yenyewe nilimtafutia mimi! Leo kanisahihisha mbele za watu. Eti "its" ya kumiliki haivai apostrofi. Wachapaji wakacheka. Nikameza, chungu kama shubiri.

Jumanne, 4 Machi
Njia imepatikana! Shemeji kamaliza kusahihisha karatasi ya maelekezo ya dawa ya kikohozi ya watoto. Alipokwenda kula nikafungua faili lake. Imeandikwa "No more than two spoons", yaani visizidi vijiko viwili. Nikapachika koma moja tu, baada ya "No". Sasa inasema: hapana, zaidi ya vijiko viwili! Alhamisi, kwenye kikao cha kukagua kazi kabla ya kuchapa, nitaigundua mimi. Nimejizoeza kushangaa kwenye kioo cha msalani.

Jumatano, 5 Machi
Mwanangu wa mwisho anakohoa. Shemeji kaja jioni kumtazama. Kampimia dawa, kakiangalia kijiko mara mbili. Nikatoka nje.

Alhamisi, 6 Machi
Kikao kimefutwa! Mteja ana haraka, karatasi ziko mashineni tangu saa mbili. Nikakimbilia mashineni nikipiga kelele: Koma! Koma! Fundi mitambo akageuka kama nyoka aliyekanyagwa. Akauliza mimi nani wa kumwambia yeye koma, mtu mwenye wajukuu. Nikasema si yeye, ni koma! Akasema ndiyo hiyo hiyo, na hazimi mashine ng'o. Nakala zinamwagika tu. Nikampigia magoti. Akanipa mgongo.

Shemeji akaja, kafuata kelele. Akaokota karatasi moja, akasoma, akaruka kwenye swichi. Kimya. Nakala mia sita, na hata moja haijatoka mlangoni. Akaniuliza polepole nilijuaje kabla ya kusoma. Nikasema machale yalinicheza. Akanikazia macho mpaka nikaanza kukagua viatu vyangu.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kamwambia Meneja kosa lilikuwa kwenye ukurasa wake, analibeba mwenyewe. Nikanyoosha kola: cheo hicho, kinakuja! Meneja akasema anayebeba kosa na kuzima mashine ndiye anayemtaka. Akampa mkono.

Ukumbini Shemeji akanisogelea. "Nimemsitiri dada," akasema. "Wewe sijakusitiri."

Machozi yalinilenga. Nimeapa kuacha kabisa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari kwa kina na kosa langu nimeliona. Koma ina mkia, inaonekana upesi. Jumatatu Shemeji anasahihisha maelekezo ya mtungi wa kuzimia moto. Nukta, kwa mfano, ni kitu kipole sana.