Nyumba ya Majani ya Migomba

Jumatatu, 6 Mei 2024

Wazo! Mji wa Isiolo hutupa majani ya migomba kila siku, yale ya kufungia miraa. Mimi Mworia, muuza miraa mwenye akili nyingi kuliko wateja, nitayageuza yawe nyumba. Familia arobaini zilizohamishwa na mafuriko ziko uwanjani Ngaremara, chini ya maturubai yanayovuja. Ruweida wa shirika la misaada anatafuta nyumba za muda zisizoharibu mazingira. Atachagua Ijumaa. Mshindani wangu ni mmoja tu, bibi aitwaye Natabo. Hana hata ramani!

Jumanne, 7 Mei

Nimeenda kupima. Nyumba ya kwanza itakuwa ya binti yake Natabo, mwenye mtoto wa siku tisa anayekohoa kwa baridi. Nikamuuliza Mzee Lokuruka, mume wa Natabo, mlango uelekee wapi. Akacheka hadi akashika mbavu. Akasema kwao Waturkana nyumba ni ya mwanamke, yeye hulala anapoonyeshwa. Utani wa wazee huo. Mlango nimeuelekeza barabarani, wapita njia waone kazi yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Imekamilika! Kijani kibichi. Kuta nene. Nimepiga picha kumi na tisa. Natabo akaizunguka, akauliza jambo moja tu: je, mbuzi wameiona? Wivu! Nikamjibu kwa heshima kwamba mbuzi hawamo kwenye kamati.

Ijumaa, 10 Mei

Mbuzi! Wamekula kuta kabla ya chai. Ngamia mmoja akamalizia paa. Ruweida alipofika alikuta fito na mimi. Mawingu yametanda, binti amesimama na mtoto kifuani. Nilitamani ardhi inimeze.

Natabo hakunicheka. Aliita wanawake watano. Wakakunja fito zangu zilezile, wakafunika kwa mikeka ya majani ya mti wa mkoma na ngozi, kuta kwa chini wakazipaka samadi, maana mbuzi hagusi chenye samadi. Mlango wakaugeuza usipate upepo. Mimi nilichota maji tu. Mvua ikanyesha ya kuvunja mawe, ndani halikuingia tone. Mtoto akalala fofofo. Nakiri, sijawahi kuona fundi kama mama huyu. Machozi yalinitoka. Nikasingizia moshi.

Jumapili, 12 Mei

Natabo ndiye aliyechaguliwa, ajenge nyumba zote arobaini. Anastahili! Nilimpongeza mbele ya watu, akanipa kibuyu cha maziwa. Somo limeniingia: kwanza uliza wenyewe.

Lakini uwanja hauna vyoo. Binamu yangu Kirigia ana mabua ya mahindi tele, anayowalisha ng'ombe, na hawajawahi kulalamika. Choo cha mabua! Mlango utatazama barabara. Tena safari hii nimeuliza kwanza. Nimemuuliza Mzee Lokuruka. Amecheka sana, nadhani kwa furaha.