Sahani Dirishani na Mama wa Kambo

Jumanne, 24 Januari

Gudrun amehamia kwetu. Masanduku matatu na kioo kirefu. Kioo! Nimemsikia akikiuliza kama nywele zimekaa sawa. Baba atamwoa Pasaka. Mimi nimesoma ngano za kale, zile zisizopakwa sukari, najua mama wa kambo huwafanya nini watoto. Sumu. Shoka. Sufuria. Mdogo wangu Beno ana miaka sita, tayari anamwita shangazi.

Mtego wangu: kesho ni Harusi ya Ndege. Kila mtoto wa Kisorbi, kabila letu dogo la Ujerumani lenye lugha yake, huweka sahani dirishani jioni ya kuamkia siku hiyo. Asubuhi ndege wamemwachia vitu vitamu, shukrani kwa kuwalisha wakati wa baridi. (Sisi wakubwa tunajua ndege ni nani.) Gudrun ni Mjerumani wa mjini, mila hii haijui. Baba ana zamu ya usiku kazini. Sitamwambia Gudrun lolote. Tuone moyo wake.

Jumatano, 25 Januari

Ameziosha sahani! Zimefutwa, zimerudi kabatini. Beno kalia mpaka kwikwi. Gudrun akaniuliza kulikoni. Beno akamweleza kwa Kijerumani chake cha kuokoteza. Gudrun akashika kichwa: jamani, mimi nilidhani mmesahau vyombo! Akatoka mbio bila kofia. Mchana sahani zikajaa chokoleti na ndege wa mkate wenye macho ya zabibu. Eti ndege walichelewa, reli ilizibwa na theluji. Beno akauliza kwani ndege hupanda treni? Akajibu kwa baridi hii, wewe ungeruka?

Nusura nicheke. Hatari!

Alhamisi, 26 Januari

Nani huwanenepesha watoto kwa vitamu? Mchawi, kabla ya kuwasha tanuri! Nimemkataza Beno asile. Kasema wivu tu huo, dada. Akala vyake na vyangu. Nikamtazama kama atabadilika rangi. Alasiri tumbo likamshika! Nikampigia Baba: njoo, mwanao katiliwa sumu. Akaja na daktari. Daktari akasema sumu yenyewe ni ulafi, na nani kazusha habari hizi? Nikajitolea kuosha sahani.

Baadaye nikamsikia Gudrun jikoni akimwambia Baba harusi labda waiache, huyu binti ananiogopa. Sauti ya mtu aliyelia.

Nimeshinda. Mbona sijisikii mshindi?

Ijumaa, 27 Januari

Nimemwendea. Nimetubu yote, lugha mbili zikigongana mdomoni. Hakucheka. Sawa, alicheka kidogo. Akasema ngano hizo anazijua: ile ya watoto waliopewa kipande cha mkate, wakapelekwa msituni waachwe wafe njaa, wakarudi kwa kufuata kokoto nyeupe walizodondosha, ilipochapwa mara ya kwanza, aliyetaka watupwe alikuwa mama yao mzazi. Baadaye waandishi wakaona haya, wakamgeuza wa kambo. Kwa hiyo sisi tumesingiziwa, mwanangu, akasema. Tukakumbatiana. Harusi ipo. Nimepona ujinga kabisa.

Jumamosi, 28 Januari

Mama MZAZI! Sijapata usingizi. Na asubuhi hii Mama kapiga simu kutoka Dresden, anakoishi tangu aachane na Baba. Sauti tamu. Tamu mno. Kesho anatuchukua, mimi na Beno, kutembea msituni. Eti tubebe mkate.

Nimejaza mifuko kokoto za kudondosha njiani. Gudrun, mtu pekee ninayemwamini, kanisaidia kuchagua zile nyeupe pepe. Anadhani ni za kupamba. Beno anauliza kokoto nyeupe tutazionaje juu ya theluji.

Watoto wadogo hawajui lolote.