Moto Wangu Hauhami

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Kwandu amekuja asubuhi. Mdogo wangu wa tumbo moja, nimembeba mgongoni, leo ni balozi wa nyumba kumi na ananisomea karatasi! Eti kufikia Jumapili nyumba zote ziwe kwenye mstari wa kijiji kipya cha ujamaa, milango ikitazama barabara. Nimemwambia serikali haiwezi kunipangia mlango wangu utazame wapi. Mali ya pamoja sitaki, kila mtu ale jasho lake. Generoza, mke wangu wa miaka ishirini, akasema kule kuna kisima na shule, yeye anahama. Na amehama kweli! Kachukua chungu, mwiko na binti yetu Benedikta.

Sijatishika. Shikome iko kwangu. Tangu enzi za baba, wanaume wote wa hapa hukaa jioni kwenye moto huu, na kila nyumba huleta chakula. Watakula wapi bila moto wangu? Watarudi wenyewe, na Generoza nyuma yao.

Jumanne, 6 Agosti
Nimewasha moto mkubwa. Amekuja mbwa. Baadaye kafika jirani yetu, Mzee Salu. Ushindi umeanza! Kanisalimia mwadila, kaomba kijinga cha moto, nikampa kwa moyo mweupe. Kumbe wanaanzisha shikome kijijini. Kaondoka na kigoda changu pia.

Jumatano, 7 Agosti
Nimesonga ugali mwenyewe. Juu uji, chini mkaa. Mbwa kaunusa, naye kahamia kijijini. Namkumbuka Generoza. Ukurasa huu nitauficha.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimekwenda kijijini kukagua makosa ya serikali. Kwa bahati nikafika saa ya kula. Sahani saba! Nikala ugali wa mtama wa kwa Salu, nikala mlenda wa kwa Kwandu, huku nikiwaeleza ubaya wa kula jasho la wenzako. Mzee Salu akauliza, katika miaka yote ya shikome, ni tonge gani nililowahi kula lililokuwa jasho langu peke yangu. Mdomo ulikuwa umejaa, nikamega tonge jingine. Wakacheka wote. Kicheko kirefu kuliko vyote kilitoka jikoni kwa Generoza. Nilifurahi kukisikia, halafu nikakasirika kwamba nimefurahi.

Ijumaa, 9 Agosti
Mbinu mpya. Nimeiandikia serikali barua, imwamuru mke wangu arudi. Tatizo, barua lazima ipitie kwa balozi. Kwandu kaisoma mara mbili, kauliza kama ni serikali ileile isiyoruhusiwa kugusa mlango wangu. Nikamwambia mlango na mke ni mambo tofauti. Msaliti huyo akampelekea Generoza! Benedikta ndiye aliyeleta jibu: mama amesema kesho wanakuja kuchukua paa, baba akitaka abaki na kuta.

Jumamosi, 10 Agosti
Wamekuja watu thelathini na ngoma. Wakanyanyua paa langu la nyasi likiwa zima, wakalibeba vichwani wakiimba. Mimi nyuma, nakimbia, napiga kelele wasilivunje. Wakalitua juu ya kuta alizokwisha kuzisimamisha Generoza. Alinipa maji ya kunawa. Nikanawa hadi machoni. Vumbi tu. Mlango kauelekeza barabarani. Nimeukubali kwa muda, maana chakula kilikuwa tayari.

Jumapili, 11 Agosti
Nimewashinda! Shikome sasa iko mbele ya mlango wangu, kwa kuwa moto ule ulitoka kwangu. Ila watu wazembe. Kwa Kwandu wameleta sahani nusu. Kwa Salu mboga haina karanga. Nimeiandikia serikali barua: kila nyumba iamriwe kuleta sahani iliyojaa kabla jua halijazama, na atakayechelewa aitwe mbele ya balozi. Generoza kaisoma, kacheka hadi akakaa chini. Sijui anacheka nini. Msimamo wangu anaujua tangu Jumatatu: mali ya pamoja sitaki, kila mtu ale jasho lake.