Risasi ya Kindi wa Kombewa

Umma unajulishwa kwamba, baada ya miezi minne ya kazi nzito, Kamati Maalumu ya Kuchagua Risasi Ndogo imefaulu. Mimi Walubengo, katibu wake, ninaandika haya kwa fahari kubwa.

Chanzo ni Mama Jacinta wa Kombewa. Kindi walikuwa wakifukua karanga zake, akaomba msaada kabla hajakosa hata mbegu ya msimu ujao. Bunduki ndogo ya pointi tu-tu (.22) ilikuwepo. Kilichokosekana ni sera ya risasi.

Katika kikao cha kwanza, Bwana Harpreet, mlenga shabaha wa miaka mingi, alitaka kutuharibia kazi.

"Bwana Chair, kwa kindi, risasi ile ya polepole, kichwa butu, inatosha. Haina kelele mingi. Twende leo tumalize."

Mwenyekiti wetu, Bwana Gordon wa Milimani, alimwonyesha mlango. Risasi haichaguliwi kabla ya kuzuru karanga.

Tulizizuru mara kumi na moja. Kwa Mama Jacinta mgeni haondoki mdomo mkavu, kwa hiyo kila mara alitukaangia. Kila mjumbe alibeba pia mfuko mmoja wa sampuli, na Mwenyekiti miwili, kulingana na cheo. Sampuli zilichunguzwa kwa kina, nyingine kwa chumvi.

Jana tulirudi kumsomea ripoti, Harpreet akiwa ameitwa kuleta bunduki. Nilisoma kwa sauti: "Mharibifu ni kiumbe yeyote anayeingia shambani mara kwa mara, akala karanga, akabeba nyingine, na asilime hata mstari mmoja. Apigwe risasi ya polepole, kichwa butu."

Mama Jacinta alikung'uta gunia lake la karanga. Halikudondosha kitu. Nakiri nilimwonea huruma.

"Hao kindi walihama kitambo, Bwana," alisema. "Waliona hakuna kitu imebaki. Sasa hiyo maneno soma tena, pole pole, nikiangalia hawa wazee."

Nikasoma. Bwana Gordon akaacha kutafuna. Harpreet akaipangusa bunduki.

"Hapo kwa kulima mstari ndio mnaweza kuponea," Mama Jacinta akasema. "Jembe ni hizo."

Ninaandika haya nikiwa mstari wa tatu. Sampuli zilizosalia zimerudishwa kuwa mbegu. Mwenyekiti ameomba kikao cha dharura kuhusu malengelenge, na Mama Jacinta amekubali kifanyike mwombaji akifika mwisho wa shamba.