Dari la Heshima

Watumishi wote wanatangaziwa kwamba dari la ofisi mpya ya masijala, chini ya ardhi, haliko chini. Walio juu ni watumishi.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni, na Mama Twiga, mkuu wa masijala, alilisoma huku akisugua paji la uso. Jina alipewa na wenzake, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Wiki ijayo yeye na mafaili yake wangehamia humo shimoni, ili chumba chao chenye madirisha kiwe sebule ya Mkurugenzi. Shingo yake ilishaanza kulia mapema.

Akaingia, akamkuta fundi akimalizia kazi. "Fundi, kwani dari halikuwa juu kidogo?"

"Lilikuwa, mama. Bosi akataka mbao za urembo zifiche mabomba. Halafu taa ya vishada vya vioo." Fundi akasogeza vishada ili waonane. "Kisha zulia nene. Tukabanwa juu na chini."

Mkurugenzi aliunda Kamati ya Kuoanisha Watumishi na Dari. Kamati ikapiga marufuku viatu virefu, vilemba na nywele za kupandisha. Vichwa vikaendelea kugonga. Ndipo ikabuni Mwinamo wa Staha: kila anayeingia ainame.

"Mzee, shingo yangu..." Mama Twiga akamwambia Mkurugenzi.

"Mvumilivu hula mbivu, mama."

"Mbivu ziko juu, mzee. Humu siwezi hata kuinua kichwa."

Siku ya uzinduzi akaja Waziri. Alikuwa mfupi, jambo ambalo Kamati haikuwahi kulijadili. Akaingia wima, akapita chini ya taa bila kishada hata kimoja kutikisika. Watumishi wote walikuwa wameinama. Mkurugenzi, ili awe mfano, aliinama kuwapita wote.

Wakatazamana macho kwa macho.

"Mkurugenzi! Siku zote unanitazama kama mtu anayechungulia kisima. Leo tumeonana!"

"Ni Mwinamo wa Staha, Mheshimiwa."

"Umekupendeza. Hapa atakaa nani?"

"Masijala, Mheshimiwa."

"Pazuri hivi uwape mafaili? Aa! Kaa wewe. Nitakuwa nikija mara kwa mara tuzungumze."

Kwa mshtuko Mkurugenzi akasimama wima. Vishada vyote vikalia kwa pamoja, na Waziri akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya sherehe.

Mama Twiga alipanda ngazi akiwa bado ameinama, maana kuwacheka wakubwa usoni si staha. Akaingia chumba cha madirisha, akafunga mlango, akajinyoosha kiungo baada ya kiungo hadi akawa yeye.

Chini ya sakafu kikasikika: ngo!

"Pole, bosi," akasema, kwa staha zote.